Mtawanya: Mto unavyomfundisha mzazi kutunza samaki wa tangi la kioo

Ukitoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Kilwa, ukaiacha Mbagala na foleni zake, ukapita Vikindu, Mkuranga, Kimanzichana na Jaribu Mpakani, mikorosho na minazi inaanza kushika pande zote mbili za lami. Unapita Bungu, kisha unaingia Kibiti mjini, penye harufu ya mihogo ya kukaanga na makelele ya wapiga debe. Mtawanya ni moja ya kata za wilaya hii ya Kibiti, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Rufiji.

Hapa maji ndiyo kalenda. Vuli inanyesha mwishoni mwa mwaka, masika inafuata kuanzia Machi, na Mto Rufiji unapojaa unatanda kwenye mabonde. Wakulima wa bonde la Rufiji tangu zamani hujenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, wakalinda mpunga huku maji yakiwa chini yao. Maji yakipungua, hupanda mazao ya mlao kwenye udongo wenye unyevu. Mwaka mwingine mto huzidisha, kama ilivyokuwa Aprili 2024, mafuriko yalipoziacha familia nyingi za Rufiji na Kibiti bila makazi wala mashamba.

Mtu anaweza kuuliza, haya yote yanamhusu nini mzazi wa Tabata au Kinondoni aliyemnunulia mwanawe tangi la samaki na kuliweka sebuleni? Yanamhusu sana. Matatizo mawili yanayoua samaki wengi wa majumbani, yaani ugomvi na maradhi, hutokana na kukosekana kwa kazi ambazo mto huzifanya kila siku bila malipo. Ndani ya kioo hakuna mto, kwa hiyo kazi hizo zinabaki kwa mzazi.

Ndugu zake perege

Samaki wadogo wenye rangi ambao wauzaji huwaita kwa majina ya kigeni, kama ramirezi, apistograma na kribensi, kiukoo ni ndugu wa perege na sato tunaowala. Tofauti kubwa ni umbo. Wengi wao hawafiki urefu wa sentimita 10. Ramirezi asili yake ni bonde la mto Orinoco huko Venezuela na Colombia, apistograma ni wa mito ya Amerika ya Kusini, na kribensi ni wa Afrika Magharibi.

Tanzania nayo ina wake. Katika Ziwa Tanganyika wapo samaki wa ukoo huo ambao nyumba yao ni ganda tupu la konokono. Mmoja wao, anayejulikana kitaalamu kama Neolamprologus multifasciatus, ni miongoni mwa wadogo kabisa katika ukoo mzima. Jike lake halizidi sana urefu wa kidole gumba. Samaki wa mapambo wa ziwa hilo wamekuwa wakisafirishwa kutoka Kigoma kwenda kwa wafugaji wa Ulaya, Asia na Marekani.

Tabia ya ukoo huu inaonekana hata kwa perege wa Rufiji, ambaye wanasayansi humwita Oreochromis urolepis. Dume huchimba kishimo kwenye tope la maji ya kina kifupi, akakilinda kama mtu anavyolinda kiwanja chake. Dume mwingine akisogea, hufukuzwa. Jike hutaga, kisha huyachukua mayai mdomoni na kuyalea humo hadi vifaranga vitoke.

Kwa hiyo mtoto anaposema, "Mama, huyu samaki mbaya, anawapiga wenzake," jibu sahihi ni kwamba samaki huyo si mbaya. Analinda nyumba, mke au mayai. Hivyo ndivyo alivyoumbwa, na huwezi kumfundisha tabia nyingine.

Anayeshindwa hukimbilia wapi?

Kwenye bwawa au kijito cha Kibiti, perege aliyefukuzwa anaondoka. Anapiga mkia mara tatu, anapotelea kwenye majani, na ugomvi umekwisha. Mfukuzaji hana haja ya kumfuata kwa sababu hamwoni tena.

Ukishuka zaidi kuelekea baharini, kule Nyamisati ambako watu hupanda boti za kwenda Mafia, maficho yanaongezeka. Delta ya Rufiji ina msitu mkubwa wa mikoko kuliko mingine yote ya Afrika Mashariki. Mizizi ya mkoko, mchu na mkandaa imesukana ndani ya maji kama kapu, na humo samaki wachanga, kamba na kaa wanapata pa kujificha. Mkubwa hawezi kupenya anakopenya mdogo.

Sasa tazama tangi la kawaida la sebuleni. Kuna changarawe za rangi chini, mmea mmoja wa plastiki, na labda jumba dogo la mapambo. Samaki sita wamo ndani. Aliyeshindwa anakimbia hadi kwenye kona, anageuka, na mbabe bado anamwona. Anafukuzwa tena. Hilo linaendelea mchana kutwa, na mtoto amekaa mbele akidhani wanacheza.

Hapo ndipo ugomvi unapogeuka maradhi. Samaki anayefukuzwa bila kupumzika anaishi katika hofu. Hali hiyo inashusha kinga ya mwili wake, kama inavyomtokea binadamu aliyebanwa na msongo kwa muda mrefu. Anaacha kula. Mapezi yaliyong'atwa yanaingia bakteria na kuanza kuoza. Vimelea ambavyo mwili ungevidhibiti vinapata nafasi. Mzazi anaona madoa na kwenda kutafuta dawa, wakati chanzo kinaogelea pembeni kikiwa na afya tele.

Dawa ya ugomvi ni mpangilio wa nyumba. Kwa jozi moja ya samaki hawa wadogo, tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30, yaani lita 54, ndiyo pa kuanzia. Usiweke madume mawili wa aina moja humo. Weka mawe yaliyolala imara, vipande vya chungu kilichovunjika, mizizi na mimea, vikiwa vimekaa kwa namna ambayo samaki wa upande huu hamwoni wa upande ule. Kwa wale wa Tanganyika, weka maganda ya konokono mengi kuliko idadi ya samaki, ili asikose mtu nyumba.

Ukileta mgeni, hamisha mawe kwanza. Wenyeji wakiwa wamepotezwa mipaka yao, wote wanaanza upya pamoja na mgeni. Na kama mmoja amezidi ubabe, mtoe yeye, usimtoe mnyonge peke yake. Akikaa pembeni siku chache, akirudi atakuta viwanja vimegawanywa upya.

Ndoo kutoka Mbagala

Likizo ya Juni huwarudisha watoto wengi wa Dar es Salaam kwa babu na bibi. Mama mmoja wa Mbagala alifika Mtawanya na wanawe wawili, na mkubwa, wa darasa la nne, alikuwa amepakata ndoo ndogo yenye mfuniko njia nzima. Ndani yake alikuwamo samaki mmoja wa rangi ya njano, mapezi yamechanika, na doa jeupe mgongoni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umeniletea kitoweo?"

"Hapana babu, huyu anaumwa. Nataka nimwachie kwenye kijito apone."

Mzee akafunua mfuniko, akatazama kwa muda. "Kafanywa nini?"

"Mwenzake anamng'ata kila siku."

"Basi ungemleta huyo mwenzake," mzee akasema, na mtoto akacheka kwa mara ya kwanza tangu wateremke kwenye basi. Kisha babu akafunika ndoo. "Humu kijitoni kuna wenyewe, mjukuu wangu. Na ugonjwa wake hatuujui. Ukimwachia, hao waliomo wakaumwa, sisi tutakula nini?"

"Sasa tufanyeje, baba?" mama akauliza.

"Mpeni maji yake peke yake."

Wakamweka kwenye beseni kivulini, juu wakafunika neti, ndani wakaweka kipande cha mtungi ajifiche. Maji ya kisima waliyaongeza kikombe kimoja kimoja, ili asishtuke. Siku ya tatu samaki akaanza kula. Aliporudi Mbagala, alikaa upande wake wa tangi, ametenganishwa na mbabe kwa kipande cha kioo.

Maneno ya mzee yana uzito kuliko yanavyosikika. Watafiti wamekuta sato, ambaye si mwenyeji wa mito ya mashariki mwa Tanzania, ameenea katika maji mengi ya nchi kutokana na ufugaji na kupandikizwa. Sato huzaana na perege wa asili, na damu ya perege halisi huchanganyika hadi kupotea. Samaki wa mapambo naye anaweza kuwapelekea wenyeji vimelea wasivyovizoea. Kwa hiyo tangi likimshinda mtu, samaki warudishwe dukani au wapewe mfugaji mwingine, lakini kamwe wasiachiwe mtoni, mferejini wala baharini.

Kila samaki na maji yake

Kando ya Rufiji ya chini kuna somo jingine, nalo limo kwenye madimbwi yanayokauka. Humo huishi samaki wadogo wa jenasi ya Nothobranchius, madume yao yakiwa na rangi za buluu na nyekundu zinazong'aa kama kitenge kipya. Mmoja wao, Nothobranchius eggersi wa ukanda huu wa Rufiji, alitambulishwa kwa sayansi mwaka 1982.

Samaki hawa hawamo katika ukoo wa perege, ila madume yao nayo ni magomvi. Mvua zikinyesha wanaanguliwa, wanakua haraka, wanataga kwenye tope, na dimbwi likikauka wote wanakufa. Mayai hubaki ndani ya udongo mkavu yakisubiri mvua nyingine. Wafugaji wa Ulaya huyatuma mayai hayo kwa posta yakiwa ndani ya majani makavu yenye unyevu kidogo.

Maji yanayomfaa samaki mmoja si lazima yamfae mwenzake wa kwingine, na kinyume chake. Maji ya Ziwa Tanganyika ni magumu, yenye madini mengi, na kipimo chake cha pH huwa juu ya 8. Ramirezi anataka maji laini, yenye uasidi kidogo na joto la nyuzi 27 hadi 30. Ukiwaweka tangi moja kwa sababu wote ni wadogo na wanapendeza, mmoja wao lazima augue. Swali la kwanza dukani lisiwe bei. Uliza, "Huyu kwao ni wapi, na maji ya kwao yakoje?"

Maji kwanza, dawa baadaye

Mto husafisha uchafu kwa kuubeba na kuuchanganya na maji mengi. Katika tangi, kinyesi na chakula kilichobaki hutoa amonia, ambayo ni sumu inayochoma matamvua. Bakteria wazuri wanaoishi kwenye sponji ya chujio huigeuza amonia kuwa nitriti, nayo ni sumu, kisha kuwa nitrati ambayo madhara yake ni madogo. Bakteria hao huhitaji kama wiki 4 hadi 6 kujijenga. Tangi lililojazwa samaki siku ile ile lililonunuliwa halina ulinzi huo, ndiyo maana vifo vingi hutokea mwezi wa kwanza.

Kwa hiyo samaki akionekana mgonjwa, fuata mpangilio huu:

Kwanza, mtazame. Je, anapumua haraka juu ya maji? Amejificha? Mapezi yamekunjwa? Nani anamfukuza?

Pili, pima maji kwa vipimo vinavyouzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo. Amonia na nitriti zinatakiwa kuwa sifuri.

Tatu, badilisha robo ya maji. Maji ya bomba yenye klorini yaache kwenye ndoo kwa saa 24 au tumia dawa ya kuondoa klorini. Sponji ioshwe kwa maji uliyoyatoa tangini, kwa sababu klorini ya bomba huua wale bakteria wazuri.

Nne, mtenge mgonjwa au mbabe.

Tano, ndipo ufikirie dawa, ukishajua unatibu nini.

Madoa meupe kama chembe za chumvi husababishwa na kimelea kiitwacho Ichthyophthirius. Hutokea sana joto linaposhuka ghafla, kwa mfano usiku wa kipupwe, Juni na Julai. Kimelea hiki hukomaa kwenye ngozi ya samaki, kikaanguka chini ya tangi na kuzaa vingine vinavyoogelea kutafuta mwili. Dawa huvipata vinapoogelea tu. Ndiyo maana madoa yakitoweka leo, matibabu hayajaisha; endelea hadi siku zilizoandikwa kwenye chupa zitimie. Kwa samaki wanaostahimili, kupandisha joto polepole hadi nyuzi 30 huharakisha mzunguko huo, ila ongeza pampu ya hewa kwa kuwa maji ya moto hubeba oksijeni kidogo.

Vumbi la rangi ya dhahabu mwilini ni ugonjwa mwingine, na huua haraka zaidi. Kinyesi cheupe chembamba kama uzi na vishimo kichwani huhusishwa na vimelea vya tumbo, na mara nyingi huendana na maji machafu na lishe duni. Mapezi yanayoliwa pembeni ni dalili ya bakteria, na kwa samaki hawa mara nyingi kuna mgomvi nyuma yake.

Samaki mpya akae karantini, kwenye chombo chake, wiki 2 hadi 4 kabla ya kuingia tangi kubwa. Na chakula kiwe kidogo, kile wanachokimaliza ndani ya dakika 2.

Kapsuli za kabatini

Kuna wazazi ambao, samaki akiugua, hufungua kapsuli ya antibiotiki iliyobaki nyumbani na kuimimina tangini. Hilo ni kosa mara tatu. Dawa hiyo haiui vimelea vya madoa meupe, kwa sababu si bakteria. Inaweza kuua bakteria wazuri wa chujio, amonia ikapanda na samaki wote wakafa. Na kiasi kidogo cha dawa kisichotosha kuua huwafundisha bakteria usugu.

Usugu wa vimelea dhidi ya dawa si habari ya mbali. Tanzania ilikuwa na mpango wa kitaifa wa kupambana nao wa mwaka 2017 hadi 2022, uliohusisha afya ya binadamu na ya wanyama pamoja, kwa sababu bakteria hawaangalii kama wamo mwilini mwa mtoto au kwenye beseni la samaki. Kapsuli iliyobaki haikupaswa kubaki. Dozi humalizwa na mgonjwa aliyeandikiwa.

Mikono ya mtoto

Samaki mgonjwa mara chache humwambukiza mtu, lakini lipo jambo la kujua. Bakteria aitwaye Mycobacterium marinum, ndugu wa yule wa kifua kikuu, huweza kuingia kupitia mkwaruzo na kufanya kivimbe au kidonda kisichopona mkononi, wiki kadhaa baadaye. Mtoto mwenye kidonda asitumbukize mkono tangini. Wote wanawe kwa sabuni baada ya kugusa maji, na vyombo vya tangi visioshwe kwenye sinki la jikoni. Ukimpeleka mtoto kituo cha afya na kidonda sugu cha mkononi, mwambie daktari kwamba nyumbani kuna samaki. Taarifa hiyo inaweza kuokoa miezi ya kubahatisha.

Ile ndoo ya maji yanayokaa saa 24 nayo ina masharti. Ifunike kwa neti au kitambaa chepesi. Mbu wa dengue, ugonjwa ulioisumbua sana Dar es Salaam mwaka 2019, hupenda maji safi yaliyotulia karibu na watu. Na mtoto mchanga anayetambaa anaweza kuzama kwenye ndoo yenye maji kidogo tu, kwa hiyo iwe mahali asipofika. Kabla ya kutia mkono tangini, chomoa hita na pampu kwenye umeme.

Maji unayoyatoa mwaga kwenye maua. Samaki akifa, mzike bustanini au mfunge vizuri utupe kwenye taka. Mweleze mtoto kilichotokea kwa lugha ya kweli, kwamba maji yalichafuka au mwenzake alimzidi nguvu, na mkubaliane kitakachobadilishwa kabla ya kununua mwingine. Mtoto aliyeelewa kwa nini wa kwanza alikufa ndiye atakayekukumbusha Jumamosi kwamba leo ni zamu ya kubadilisha maji.

Kule Kibiti, mto hubadilisha maji, mizizi huficha wanyonge, na nafasi humaliza ugomvi. Mzazi mwenye tangi la lita 54 anaweza kufanya kazi hizo tatu kwa ndoo moja, mawe machache na nusu saa kila wiki.